Jalada la jarida la mitindo: anza na nafasi tupu

Mkuu, umeuliza kama jalada la jarida la mitindo la hadhi ya juu lianze na picha au maandishi. Mimi nasema anza na nafasi tupu. Kulijua hilo kulinigharimu safari mbili za Bagamoyo.

Ya kwanza tulimsimamisha mwanamitindo Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mbele ya mlango wa nakshi, gauni la hariri rangi ya ubuyu, kilemba kirefu. Mpiga picha akajaza fremu mpaka juu. Picha nzuri mno, ila nilipoweka jina la jarida likamkalia kwenye paji la uso. Kulipandisha, likaangukia kwenye nakshi. Herufi zangu zilikuwa za Didot, jamii ya zile za majarida ya mitindo ya Vogue na Harper's Bazaar: mstari mmoja mnene, mwingine mwembamba kama uzi. Nyuzi zote zikamezwa na mlango, zikabaki nguzo tu.

Tuliporudi nilichora kwanza kwa penseli: jina hapa, uso hapa, msimbopau kona ya chini. Kisha nikabandika plastiki angavu yenye jina kwenye skrini ya kamera. Mlango tukauacha, tukahamia ukuta wa chokaa karibu na ufukwe. Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linatoka baharini na kumwangaza usoni kwa upole anayetazama maji. Saa tatu ikifika jua limeshakuwa kali, kunja vyombo.

Majarida makubwa hufunika nusu ya jina kwa kichwa cha mwanamitindo. Usiige kama lako ni jipya: jina lao msomaji hulimalizia mwenyewe, lako bado halijui. Wa kuigwa ni Alexey Brodovitch, aliyesimamia sanaa Harper's Bazaar kuanzia 1934 hadi 1958. Hakuogopa kuacha weupe. Hata kanga, jina lina mahali pake, haligombani na mji wala pindo. Mteja atataka pale patupu pajazwe vichwa vya habari. Mkatalie kwa adabu; vitatu vinatosha.

Ya kiwanda cha uchapaji: picha pikseli 300 kwa inchi, milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi, na rangi zigeuzwe mapema ziwe zile nne za wino wa kuchapia (CMYK). Gauni langu kwenye skrini liliwaka, kwenye karatasi likapooza, maana skrini hutoa mwanga na wino huunyonya. Omba nakala ya majaribio, itoe nje uitazame mchana, ndipo usaini.