Kivinjari kinafungua lakini programu hazishuki baada ya kupandisha Ubuntu: tazama kwanza ni nani aliyekujibu 403

Ndugu yangu, nimesoma shida yako. Umepandisha Ubuntu, mfumo unaoendesha kompyuta yako, kutoka toleo la 22.04 hadi 24.04, kurasa zote zinafunguka kwenye kivinjari, ila ukianza kurudisha programu zako moja moja, nyingine zinakupa kosa la 403 (umekatazwa), nyingine 404 (kitu hakipo). Umeshanunua mega za intaneti mara mbili na sasa unataka kufuta diski uanze upya. Tafadhali usiifute. Karibu hayo yote yalinipata mimi, na siku tatu nilizopoteza sitaki mwingine azipoteze.

Nina sekretariati ndogo hapa Lubumbashi, kwenye njia ya kwenda Kasapa. Wanafunzi wa chuo wanaleta kazi zao za mwisho wa masomo, tunazichapa, tunazifunga. Kompyuta ni nne, na intaneti yote inatoka kwenye simu moja, kwa hiyo mega ninazihesabu kama unga. Ndiyo sababu niliweka apt-cacher-ng kwenye mashini mojawapo, iwe ghala la apt, chombo cha Ubuntu cha kushusha programu. Kazi yake ni kutunza paketi, yaani mafaili ya programu: kompyuta ya kwanza ikishusha kitu, tatu zinazobaki zinakichukua humohumo ndani bila kutoka nje. Kila kompyuta ina faili dogo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/ linaloiambia apt ipite kwa mashini hiyo, kwenye mlango (port) 3142.

Mei 2025, msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulipofika mwisho, nikazipandisha zote hadi 22.04. Kupandisha kwenyewe hakukunisumbua. Shida ilianza nilipotaka kurudisha programu zinazotoka kwenye depo za nje, yaani hifadhi za programu zisizo za Ubuntu yenyewe. 403. Nikabadilisha simu kadi, 403. Nikaamini kampuni ya simu ndiyo imefunga njia, nikaenda kulalamika, nikanunua mega za kampuni nyingine, 403 ileile. Mteja mmoja alikuwa na kesho yake ya kutetea kazi yake, na mashini yenye programu aliyoihitaji ndiyo iliyolala. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Siku ya tatu ndipo niliposoma mstari wote wa kosa badala ya namba peke yake. Baada ya 403 palikuwa na maneno CONNECT denied, na pembeni anwani ya 192.168. Anwani ya namna hiyo haiko nje, ni ya ndani ya nyumba. Aliyekuwa akinikataza ni mashini yangu mwenyewe!

Sababu yake ni hii. Zamani depo zile zilikuwa na anwani za http, na apt-cacher-ng iliweza kuona kinachoombwa na kukitunza. Maelekezo mapya niliyofuata baada ya kupandisha yalitoa anwani za https. Ombi la https limefungwa kama barua yenye muhuri, ghala haliwezi kuona ndani. Linaombwa tu lifungue njia barua ipite, na kwa mpangilio wake wa kawaida apt-cacher-ng inakataa kufungua. Kivinjari hakina habari na hayo kwa sababu hakipiti huko kabisa. Kwa hiyo kurasa kufunguka hakukuambii lolote kuhusu njia ya apt.

Kujua kama apt yako nayo inapita kwa mashini ya kati (proxy), andika hivi kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

apt-config dump | grep -i proxy

Isipotoa kitu, kwa kawaida apt yako inakwenda moja kwa moja na sehemu hii haikuhusu. Ikitoa anwani, jiulize kama mashini hiyo bado ipo na bado ina anwani ileile. Mimi nilisuluhisha kwa kuongeza mstari mmoja kwenye faili lilelile la kila kompyuta:

Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Yaani za http zipite ghalani, za https ziende zenyewe. Unaweza pia kuliruhusu ghala kwa mstari wa PassThroughPattern ndani ya acng.conf, faili lake la mipangilio. Ukichagua hivyo, taja depo unazozijua tu, usifungulie kila anwani.

404 ni habari nyingine kabisa, na kwangu haitishi. Inamaanisha umefika kwenye seva, imekusikia, ila folda unayotaka haipo. Wakati wa kupandisha, Ubuntu huzima depo za nje. Watu wengi tunaziwasha tena na kubadilisha jina la toleo kwa mkono: focal ni 20.04, jammy ni 22.04, noble ni 24.04. Kama mwenye depo hajaandaa kitu chochote cha noble, utapata 404 hata ukiwa na mega za mwaka mzima. Usirudishe jina la zamani kwa kulazimisha, utavuruga paketi zinazotegemeana. Izime depo hiyo, kisha tazama kama programu yenyewe imo kwenye depo za Ubuntu. Mara nyingi imo.

Kuna na saa. Kompyuta zetu za mezani, umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani, ile CR2032, ikiwa imekufa, zinaamka zikidhani ni mwaka wa zamani. Hapo vyeti vya https vinaonekana bado havijaanza kutumika, na apt inakwambia faili la Release, lile linalotambulisha orodha za depo, bado si halali. Na ukipanga saa, chagua Africa/Lubumbashi. Ukichagua Kinshasa saa itabaki nyuma kwa saa moja, utaisukuma kwa mkono, na ndani ya mashini itakuwa si sahihi.

Ukiona neno NODATA, uko kwenye wifi inayotaka uingize namba ya siri kwanza: apt imeletewa ukurasa wa kuingilia badala ya orodha ya paketi. Fungua kivinjari, ingia, kisha rudia.

Jambo moja kuhusu mega kabla sijasahau: tangu 22.04, Firefox ya Ubuntu inakuja kama snap, aina nyingine ya paketi, na snap haipiti kwenye ghala la apt. Kila kompyuta inaishusha peke yake, basi usizipandishe zote usiku mmoja.

Na wale wanaokushauri ufute kila kitu ndani ya /var/lib/apt/lists, folda ambamo apt inaweka orodha za paketi, wasikilize baadaye. Ukifuta, orodha zote zitashuka upya kwa mega zako, na kama njia bado imefungwa utarudi palepale. Leo niletee mistari yote ya kosa moja la 403 na moja la 404, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na jibu la ile amri ya proxy. Kama ndani yake kuna namba ya siri, ifute kwanza.