Gari Likichemsha, Mwambie Fundi Airudishe Thamostati

Juzi nimepata ujumbe wa dereva wa Probox anayepakia abiria kati ya Kasulu na Kigoma mjini. Nimeufupisha: "Fundi, shikamoo. Gari lilichemsha, fundi wa huku akatoa thamostati, likatulia kama wiki mbili. Sasa nikiwa mjini liko sawa, ila nikirudi Kasulu na abiria, kwenye vilima joto linapanda. Je, ninunue rejeta nyingine?"

Marahaba kaka. Rejeta usinunue kwanza. Rudisha thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata joto, halafu ndipo tuongee.

Najua wapo watakaocheka hapo. Hapa Tabora, gereji nyingi zimeshaamua kwamba thamostati ni kitu cha Wajapani na baridi yao, huku kwetu kwenye jua la Oktoba haina kazi. Mimi wananiita fundi wa vitabu kwa sababu nabishana na jambo hilo. Sawa. Magari waliyoyatibu huletwa kwangu yakivutwa kwa kamba, na wenyewe wanajua.

Sababu ni hii. Kwenye injini nyingi za Toyota, ikiwemo 1NZ iliyoko kwenye Probox nyingi na hata 1HZ ya Land Cruiser, thamostati ina vali mbili. Ya juu inafungua njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Ya chini ni kisahani kidogo, na kazi yake ni kuziba njia ya mkato, ile inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, njia ya mkato iko wazi ili ipate joto haraka. Ikishapata joto, vali kubwa inafunguka na kisahani kinaziba njia ya mkato, hivyo maji yote yanalazimika kwenda kupozwa. Ukitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini kama ilivyotoka. Ukitembea mjini bila mzigo hutaona tofauti, maana joto ni dogo. Panda kilima na abiria wanne na mizigo juu, injini inazalisha joto jingi, na maji yanayopita kwenye rejeta hayatoshi. Ndicho anachokiona ndugu wa Kasulu. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya: hata injini ikiwa na tabia ya kuchemsha, usitoe thamostati, kwa sababu uwezo wa kupoza unapungua.

Hasara ya pili haionekani haraka. Ukishuka mteremko au ukitembea asubuhi na mapema, injini isiyo na thamostati inakaa baridi mno. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza mafuta. Petroli inaoshea kuta za silinda, inashukia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi. Unalipa kituo cha mafuta kila siku, kisha siku moja unalipia ringi za pistoni.

Thamostati inapimwa jikoni, haihitaji mashine. Chukua sufuria ya maji, ining'inize humo kwa waya isiguse chini, washa jiko. Pembeni yake imegongwa namba. Toyota nyingi ni 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi joto 80 hadi 84. Kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 na zaidi. Kama huna kipimajoto, mwinuko wetu unakusaidia: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo maji yakitokota barabara, thamostati nzima inatakiwa iwe wazi kabisa. Isipofunguka, au ikifunguka kidogo kama jicho la mtu mwenye usingizi, itupe. Ukiipoza irudi kufunga yote. Unapofunga mpya, badilisha na mpira wake wa kuzunguka, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu. Hicho ndicho kinachotoa hewa. Kikiwekwa chini, hewa inabaki imenaswa na gari litachemsha siku hiyohiyo; hapo utasikia "si nilikwambia thamostati ni mbaya."

Sasa mfuniko wa rejeta, ambao hakuna anayeuheshimu. Juu yake kuna namba, 0.9 au 1.1. Hicho ni kiasi cha mgandamizo unaoshikilia maji yasichemke. Nimesema maji Tabora huchemka kwenye 96. Mfuniko mzima wa 0.9 unasogeza kiwango hicho hadi karibu 116. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, umerudi 96, na injini yako inafanya kazi kwenye joto la karibu hapohapo. Kila kilima kitakuwa shida. Watu wanabadilisha rejeta nzima kumbe tatizo lilikuwa mfuniko.

Dalili zake ni mbili. Ukifika safari, kichupa cha akiba kimejaa hadi kumwagika, na asubuhi ukifungua rejeta ikiwa baridi unakuta imepungua: mfuniko unatoa maji lakini haurudishi, au unatoa mapema. Ya pili, gari likipoa mpira wa juu wa maji unabonyea kama umenyonywa: ile vali ndogo ya katikati imeganda. Nunua mfuniko wenye namba ileile. Kuweka wa 1.1 mahali pa 0.9 ili "uwe na nguvu" ni kutafuta kupasua rejeta yenye tanki la plastiki, hasa ikiwa plastiki hiyo imeshageuka rangi ya kahawia.

Ukitaka kujua pa kuanzia kutafuta, angalia gari linachemsha wakati gani. Linachemsha likisimama, kwenye foleni ya mizani au ukisubiri abiria, na likitembea linapoa: hiyo ni feni. Washa AC, kwenye magari mengi feni lazima izunguke papo hapo. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha relei, kisha pima kama umeme unafika kwenye soketi ya mota. Ukiunga mota moja kwa moja kwenye betri ikazunguka, mota ni nzima na kosa liko nyuma yake. Tafadhali usiishie hapo kwa kuiacha imeungwa hivyohivyo kwa swichi ya kwenye dashibodi. Utasahau kuiwasha siku moja tu, na siku hiyo inatosha.

Kwa Land Cruiser, Hilux na Hiace za dizeli zenye feni ya mkanda, zima injini ikiwa baridi kisha zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikizunguka yenyewe raundi tatu nne kama pangaboi, mafuta ya silikoni ya ndani yamevuja na feni haivuti hewa.

Linachemsha likikimbia au likipanda: hapo ni mzunguko wa maji au hewa inayopita kwenye rejeta. Baada ya thamostati na mfuniko, tazama uso wa rejeta. Ukitoka njia za vumbi na nyasi, kule vijijini Uyui, Urambo au Kaliua, mbegu za nyasi na panzi wanaingia kati ya rejeta ya AC na rejeta ya maji. Ukitazama kwa mbele unaona safi, kumbe katikati kuna blanketi. Legeza moja uisogeze, kisha osha kwa maji ya bomba ya kawaida kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya kuoshea magari ukiisogeza karibu inalaza zile pezi za alumini, unakuwa umeziba badala ya kuzibua.

Linapunguza maji na huoni tone chini: hapo moyo wangu huwa mzito. Angalia kwanza tundu dogo la chini ya wota pampu kama kuna michirizi mikavu ya rangi. Kama hakuna, fungua rejeta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa gari mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni ya kawaida. Yakiendelea mfululizo na kuongezeka ukikanyaga mafuta, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, imeondoka. Kipimo kingine: funga mfuniko, washa injini baridi, shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto, jibu ni lilelile. Utelezi mweupe kama maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe sana. Gari la safari fupifupi hupata unyevu hapo. Chomoa kijiti cha oili. Nako kukiwa na maziwa, usiliwashe tena.

Gasketi ikishakatika, usikubali ibadilishwe bila hedi kupimwa. Kwa 1NZ, upinde unaoruhusiwa upande wa bloku ni milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa wengi wetu. Kwa jicho huuoni. Inawekwa rula ya chuma iliyonyooka na kupenyezwa filagaji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu na kwa mishazari. Imezidi, ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine. Na boliti hazifungwi kwa "kusikilizia mkono": 1NZ hufungwa torki ya N·m 29 kwa mpangilio wa kuanzia katikati, kisha boliti huzungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Fundi asiye na spana ya torki akikufungia hedi, utaonana naye tena baada ya miezi michache, naye atakwambia gasketi ya siku hizi ni feki.

Maji yenyewe. Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, watu wanadhani ni ya kuzuia barafu, na barafu Kigoma hakuna. Inazuia kutu na kuliwa kwa alumini, inalainisha sili ya wota pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ya kuchanganya mwenyewe ni nusu kwa nusu, na 1NZ inabeba karibu lita 5. Soma kopo kwanza, maana nyingine zimeshachanganywa na ukiongeza maji umeiharibu. Rangi si kipimo. Maji ya bomba yakitiwa rangi ya kijani nayo ni ya kijani. Kwa maji ya kuchanganyia epuka ya kisima, yana chumvi na chokaa. Tumia yaliyosafishwa ya kuongezea betri, na useme vizuri dukani usije ukapewa tindikali. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza ni bora kuliko ya kisima. Yai, bizari na sabuni viacheni jikoni na bafuni. Vinaziba tundu, kweli, kisha vinaziba na vijibomba vya rejeta.

Nikwambie na hili usije ukanilaumu: gari lililotumia maji matupu miaka mingi, ukilisafisha na kuweka kulanti, linaweza kuanza kuvuja. Kutu ndiyo iliyokuwa imeziba.

Ukijaza upya, toa hewa. Egesha pua ya gari ikielekea juu, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza polepole, washa injini mfuniko ukiwa wazi, minyaminya mipira, ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Subiri mpira wa chini nao upate joto, ndiyo ujue thamostati imefunguka na maji yanazunguka.

Njiani, joto likianza kupanda: zima AC, fungua hita yote na feni yake, punguza mwendo. Utaungua ndani ya gari, lakini hita ni rejeta ndogo. Lisiposhuka kwa dakika moja, au ukiona mvuke, simama uzime. Jihadhari sana na mshale uliokuwa juu ukashuka ghafla. Wengi hushukuru Mungu na kuendelea, kumbe maji yameisha na kipimo kimebaki hewani, hakigusi maji. Vitz na Passo hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa, zima hapohapo.

Mfuniko usiguse kwa nusu saa, au mpaka mpira wa juu ulegee na mkono uvumilie. Funika kwa kitambaa kinene, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha upumue, ndipo ufungue. Maji ya baridi usimwage kwa mkupuo, hedi inapasuka.

Wanaokwenda Mpanda kupitia Sikonge, baada ya Ipole ni pori hadi Koga na kuendelea, na mbung'o wa pale hawasubiri ufungue boneti vizuri. Beba kidumu cha lita 5 kisichoguswa kwa kunawa mikono, vibano viwili vya hozi, bisibisi, na kipande kirefu cha tyubu. Mpira ukitoboka, funga tyubu ukiivuta kwa nguvu, kisha acha mfuniko kwenye kituo cha kwanza ili kusiwe na mgandamizo. Sasa maji yako yanachemka kwenye 96, kwa hiyo tembea taratibu na usimame kila kilomita 10 kutazama.

Na wewe wa Kasulu: ukisharudisha thamostati, nitumie namba iliyo juu ya mfuniko wako, na uniambie asubuhi rejeta inapungua kiasi gani. Ikiwa haipungui hata kidogo na bado linachemsha kwenye vilima, ndipo tutaifungua hiyo rejeta.