Maswali ya Wasomaji: Mama Anaanguka Alfajiri, Je, ni Uzee Tu?

Barua za mwezi huu zimetoka Mabatini, Sengerema, Misungwi na Kirumba, zote mkoani Mwanza, na ingawa waliozituma hawafahamiani, kila mmoja ameandika mahali fulani kwamba "tunaambiwa ni uzee". Kwa sababu ya neno hilo nimezijibu pamoja. Barua ndefu zimefupishwa, na majina yameondolewa.

*Shikamoo mshauri. Mama yangu ana umri wa miaka 74. Tulimtoa Ukerewe baada ya baba kufariki, na sasa anaishi nasi Mabatini, katika nyumba iliyo juu ya mawe, ambako choo kiko nje, ngazi saba chini. Ndani ya mwezi mmoja ameanguka mara tatu, na mara zote ni alfajiri akienda kujisaidia. Anatumia dawa mbili za presha, mojawapo ni ile ya kukojolesha, na humeza zote usiku baada ya chakula. Kaka yangu anasema ni uzee, arudishwe kisiwani. Mimi nimeanza kumnyima maji kuanzia alasiri ili asiamke usiku. Je, nafanya vema? Na gharama za matibabu yake je?*

Marahaba mwanangu. Nianze na maji, kwa kuwa hilo halisubiri: mrudishie leo hii. Mwili wa mzee hausikii kiu upesi kama wa kijana, kwa hiyo mzee anayenyimwa maji halalamiki, bali hukauka kimyakimya. Akikauka, presha yake hushuka zaidi anaposimama, choo huwa kigumu, na maambukizi ya njia ya mkojo huja kwa urahisi, nayo humwamsha usiku mara nyingi kuliko maji yenyewe. Anaweza kunywa sehemu kubwa ya maji yake tangu asubuhi hadi jioni na kupunguza kidogo saa mbili za mwisho kabla ya kulala, lakini kupunguza si kunyima. Ikiwa daktari amewahi kumwekea kiwango cha maji kwa sababu ya moyo au figo, fuateni kiwango hicho.

Sasa tuingie kwenye kuanguka. Mtu anaposimama kutoka kitandani, damu nyingi huteremka tumboni na miguuni, na mishipa ya kijana hujibana mara moja ili kuirudisha juu. Mishipa ya mzee huchelewa kufanya hivyo, na dawa za presha huweza kuichelewesha zaidi, hivyo kwa muda mfupi ubongo hupata damu pungufu, macho huingia giza na magoti hulegea. Mara nyingi hali hiyo haimkuti kando ya kitanda bali hatua chache mbele, na kwa mama yako hatua chache mbele ndipo ngazi zinapoanzia.

Jambo hili hupimwa kwa mashine ileile ya presha. Mama alale chali kwa dakika 5, apimwe, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, chanzo kimojawapo kimepatikana. Kwa bahati mbaya, katika foleni ya kliniki mgonjwa hupimwa akiwa ameketi tu, na akiwa ameketi mama yako huenda akaonekana hana tatizo lolote. Mwombe muuguzi kwa adabu, mweleze kwamba ameanguka mara tatu, wala usitoke kabla hajapimwa akiwa amesimama.

Nenda na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani na za miti shamba. Dawa ya kukojolesha kwa kawaida humezwa asubuhi, na kuimeza usiku ni sawa na kumpangia safari ya chooni gizani. Mwulize daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi, lakini usimwachishe dawa za presha kwa uamuzi wa nyumbani, kwa maana kiharusi ni kibaya kuliko kuanguka. Macho yake nayo yachunguzwe: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na mzee asiyeona ukingo wa ngazi hataokolewa na dawa yoyote.

Mimi mwenyewe nilimuuguza mama yangu mzazi huko Igoma, naye alikuwa akianguka hivyohivyo. Nilitafuta ugonjwa kwa majuma mengi, hadi alfajiri moja nilipoketi kimya kwenye kona nikamtazama tu. Aliamka, akajifunga kanga juu ya gauni la kulalia, pindo lake likawa linaburuzika chini ya kisigino, kisha akavaa ndala ambayo kamba yake ilikwishakatika na kushikizwa kwa pini. Presha yake ilikuwa na kasoro pia, sikatai, lakini ndala ile niliitupa asubuhi hiyohiyo. Nawe mtazame mama yako kabla hujanunua chochote.

Mpaka atakapopimwa, wekeni ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda pamoja na kiti imara cha kushikilia, na mumweleze kwamba hilo halimvunjii heshima. Anapoamka aketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, akipandisha na kushusha nyayo, ndipo asimame. Taa ndogo ya sola iwake usiku kucha, na kwenye ngazi zile saba fundi aweke mhimili wa mbao wa kushika. Akianguka tena akashindwa kusimama, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, asikandwe wala kuvutwa, apelekwe hospitali, kwa kuwa huenda nyonga imevunjika. Akiwa amegonga kichwa, mwangalieni kwa majuma kadhaa: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kwenda hospitali hata kama siku nyingi zimepita.

Kaka yako mwambie kwamba Ukerewe nako kuna alfajiri, na huko ataanguka bila mtu wa kumsikia. Kuhusu gharama ulizouliza mwishoni mwa barua yako, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa wako, kisha dawati la ustawi wa jamii hospitalini, ukiwa na kitambulisho chake. Usiende mara ya kwanza siku ambayo mama anaumwa.

*Habari za kazi, mshauri. Baba mkwe wangu ana miaka 81, tuko Sengerema. Hadi Ijumaa alikuwa analisha kuku na kubishana nasi kuhusu bei ya muhogo. Tangu Jumapili usiku anaongea na kaka yake aliyekwisha kufa, anavua nguo, na mchana analala tu. Wengine wanasema ni uzee, wengine wanasema amechezewa. Homa hana. Tufanye nini?*

Mpelekeni hospitali mara mtakaposoma haya, na kama mmekwisha kumpeleka, mmefanya la maana kuliko yote nitakayoandika hapa.

Kusahau kwa uzeeni, ule ugonjwa wa ubongo ambao wataalamu huuita dimensia, huja polepole kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa na akili timamu Ijumaa akachanganyikiwa Jumapili hana ugonjwa huo pekee. Ana ugonjwa mwingine wa mwili unaouvuruga ubongo, na mara nyingi unatibika. Kwa maeneo yetu ya ziwa, cha kwanza kupimwa ni malaria, na kukosa homa kusiwadanganye, kwa kuwa mwili wa mzee unaweza kubeba maambukizi makubwa bila kupata joto. Baada ya hapo waangalie mkojo, kifua na sukari. Mtu wa kisukari anayemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, huku amepoteza hamu ya kula, sukari yake inaweza kushuka ghafla mno, na sukari iliyoshuka hufanana kabisa na wazimu. Wataalamu wataulizia pia mara ya mwisho kupata choo, mara ya mwisho kukojoa, na dawa yoyote mpya. Vidonge vya mafua na mzio vile vinavyoleta usingizi, ambavyo watu hununua bila kufikiri, vimewachanganya wazee wengi.

Mtu anayemfahamu vizuri afuatane naye na aseme kwa uwazi: "Mabadiliko haya yalianza ghafla Jumapili usiku." Sentensi hiyo ina uzito kuliko barua ya rufaa, kwa sababu daktari anayemwona kwa mara ya kwanza mzee wa miaka 81 akiongea na marehemu anaweza kudhani ndivyo alivyo siku zote.

Wakati wa kumwuguza, chumba kiwe na mwanga mchana na utulivu usiku, sura ziwe zilezile anazozijua, na kama ana miwani avae. Akimwita kaka yake, hakuna haja ya kumbishia wala kumwitikia kwa niaba ya marehemu. Mwambieni jina lenu, mahali alipo na kwamba yuko salama, kisha mpeni maji kwa mafunda madogo akiwa ameketi. Asifungwe kamba. Nimeona wazee waliofungwa "wasizurure", na vidonda vya mikononi vilichukua muda mrefu kupona kuliko malaria iliyowachanganya.

Hao wanaosema amechezewa, waacheni waseme nyuma ya gari linalompeleka hospitali.

*Shikamoo. Bibi yangu yuko kijijini Misungwi, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu miaka mingi. Siku hizi majirani wanapita bila hata kumwambia "mwangaluka" asubuhi. Yeye anasema ni macho ya uzee. Naogopa.*

Marahaba mjukuu wangu, na hofu yako ni ya haki. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho umetajwa kuwa ushahidi. Mwanamke aliyepika kwa kuni au kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wake, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho mekundu kama vile fundi wa gereji alivyo na mikono myeusi.

Usipuuze salamu iliyokatika. Nenda kwake wiki hii, si mwisho wa mwezi, umwone mwenyekiti wa kijiji pamoja na mtendaji, na kama kuna aliyetamka neno la vitisho, taarifa ifike polisi. Ikibidi, bibi alale kwa ndugu wakati jambo linashughulikiwa. Kisha mpeleke kwenye kitengo cha macho. Yako magonjwa yanayotibika yanayofanya jicho liwe jekundu, yakiwemo trakoma (maambukizi ya macho) na ukavu wa macho, na jicho jekundu linalouma sana pamoja na kuona ukungu ni la dharura. Asitiwe matone yaliyobaki ya mtu mwingine. Ukirudi naye kijijini, toboa ukuta wa jiko upate dirisha, tena ufanye kazi hiyo mchana, majirani wakiona, na wakiuliza waeleze ni la nini.

*Mimi ni mzee wa miaka 69, nilikuwa mvuvi, sasa nakaa Kirumba. Goti la kulia linauma. Namaliza mwezi wa pili nameza diklofenaki kila siku, nanunua duka la dawa. Kijana wa dukani anasema kwa uzee wangu sina budi kuendelea. Ni kweli?*

Shikamoo mzee wangu. Si kweli, na kijana huyo amekosea. Dawa hiyo ikimezwa kila siku katika umri wako huweza kupandisha presha, kudhuru figo na kutoboa vidonda tumboni, na vidonda hivyo vinaweza kuvuja damu kabla havijauma. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa sasa iache, upimwe presha na figo, na kwa maumivu utumie parasetamoli, ukimweleza mhudumu dawa nyingine unazotumia ili akupangie kiasi. Dawa ya kupaka ya jamii hiyohiyo ya diklofenaki ina madhara machache kuliko ya kumeza, nayo inafaa kwa goti.

Goti lenyewe linataka misuli ya paja. Keti kwenye kiti kisichoyumba, simama bila kujisukuma kwa mikono kadiri unavyoweza, keti tena polepole, mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, ukiongeza kila wiki. Mwanzoni litauma kidogo, jambo ambalo mtu aliyevuta nyavu hatalishangaa.

Tena utafute fimbo. Wengi huishika upande unaouma, na hapo wanakosea: kwa kuwa goti lako bovu ni la kulia, fimbo ishikwe mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na mikono imening'inia. Iliyozidi hapo ikatwe, na ncha ya chini ivishwe kipande cha mpira wa tairi ili isiteleze juu ya mawe.