Úrsula wa Lima: alikuwa sista au mtumwa?

Swali: Huyu Úrsula de Jesús, mwanamke mweusi wa Peru aliyeishi konventini (nyumba ya watawa) miaka ya 1600, wengine wanamwita sista wengine mtumwa. Ipi sahihi? Na maono yake ya toharani, kule roho zinakotakaswa kabla ya mbinguni, tuyasomeje?

Jibu: Dada, mimi nafundisha historia ya Kanisa na hapa wengi wanachanganya. Úrsula kazaliwa Lima 1604, mamake mtumwa, na sheria ya enzi ile ilikuwa mtoto anafuata hali ya mama. 1617 akaingizwa konventi ya Santa Clara kumtumikia mtawa mmoja, akatumika hivyo miaka 28. Mwaka 1642 alikuwa anaanika sketi juu ya kisima, mbao zikaachia, akabaki ananing'inia, akamlilia Bikira Maria wa Mlima Karmeli akaokoka, na toka hapo akazama kwenye sala. 1645 sista mmoja akamlipia pesa ya uhuru. Akabaki palepale, 1647 akavaa vazi la donada, yaani mtumishi wa konventi aliyeweka nadhiri.

Na donada sio sista kamili. Enzi zile masista wa shela nyeusi, ndo masista kamili, walikuwa wanaingia na mahari kubwa, pesa ya kulipa konventi, wanaimba sala za siku nzima, wanapiga kura, donada yeye alikuwa anaweka nadhiri zake halafu anarudi jikoni.

Maono yake waungamishi, mapadri waliosikiliza maungamo yake, ndo walitaka yaandikwe, ndo maana tuna daftari lake. Ukilisoma angalia nani anamtokea. Marehemu wa toharani wanakuja kumwomba awaombee, mapadri, masista, na hata María Bran, mtumwa wa konventi aliyekufa zamani ambaye Úrsula mwenyewe alishamsahau. Úrsula anamuuliza, wanawake weusi nao wanaenda mbinguni? Anajibiwa ndiyo, kwa huruma ya Mungu. Kwingine anauliza nadhiri za donada zina uzito gani, sauti inamwambia tofauti ipo kwa sababu masista ni weupe Wahispania, ila kwenye roho wote ni sawa, anayetenda zaidi ndo mwenye thamani zaidi.

Kuna wanaosema huyu mama alikubali tu unyonge, mimi nakataa kabisa. Hana kura, hana shela nyeusi, lakini wale mabibi wakishakufa wanamtegemea yeye awatoe toharani! Hiyo nafasi hakupewa na konventi, kaijenga mwenyewe kwa sala, huku mikono iko kwenye masufuria.

Kwa hiyo ukiandika, andika mtumwa mpaka 1645, kisha mtu huru, na donada toka 1647 mpaka kifo chake 1666.