Wakili, saini na karatasi ya kura yenye jina moja: majibu kwa wasomaji

Niliandika hapa kwamba Barack Obama alishinda mchujo wake wa kwanza, yaani uchaguzi wa ndani ya chama wa kumpata mgombea, kabla hata kura moja haijapigwa, na maswali yamemiminika. Nilichosema ni hiki: mwaka 1996 wakili huyo wa Chicago aliwania kiti cha Seneti ya jimbo la Illinois, na washindani wake wote wanne ndani ya chama cha Democratic wakaondolewa kwenye karatasi ya kura kwa pingamizi la saini. Nimechukua maswali yaliyojirudia zaidi.

Seneti ya jimbo ndiyo ile ya Washington? Na inafanana na Seneti yetu ya Nairobi? (Msomaji, Nakuru)

Hapana kwa yote mawili. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na isipokuwa Nebraska, bunge hilo lina mabaraza mawili. La Illinois hukaa Springfield: maseneta 59 na wawakilishi 118. Seneti ya Kenya, yenye watu 67, ipo kuzisemea kaunti. Hii ya Springfield hutunga sheria za Illinois zenyewe, kuanzia shule na kodi ya jimbo hadi makosa ya jinai. Mtu akikamatwa Chicago kwa wizi, kwa kawaida hushtakiwa kwa sheria iliyopitishwa Springfield. Ndiyo maana napenda viti hivi vizungumzwe, maana vinagusa maisha ya watu kuliko wengi wanavyodhani. Ile Seneti ya Washington Obama aliingia Januari 2005.

Alikuwa wakili wa kweli, au ni sifa ya kwenye mabango tu? (Msomaji, Iringa)

Wa kweli. Alimaliza sheria Harvard mwaka 1991, na mwaka uliotangulia alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jarida la sheria la chuo hicho. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapigakura Chicago, na mwaka uliofuata akajiunga na kampuni ndogo ya uwakili iliyoshughulikia haki za raia. Wakati huohuo alikuwa akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, kazi aliyoendelea nayo hadi 2004 kwa sababu useneta wa Illinois haukumlazimu kuacha kazi nyingine.

Kuna kesi moja ya kuikumbuka tunapoendelea. Mwaka 1995 alikuwa miongoni mwa mawakili walioishtaki Illinois kwa kukataa kutekeleza sheria ya shirikisho (ya taifa zima, si ya jimbo) ya kurahisisha uandikishaji wa wapigakura. Kwa hiyo mtu huyu alilijua daftari la wapigakura nje ndani. Alijua jina linavyoingia na linavyotoka.

Nini hasa kilitokea kati yake na yule mama, Alice Palmer? (Msomaji, Mwanza)

Palmer alikuwa seneta wa wilaya ya 13, upande wa kusini wa Chicago, ile yenye Hyde Park na chuo kikuu chake pamoja na mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 1995 aliamua kugombea Kongresi, bunge la taifa kule Washington. Kiti chake cha Springfield kingebaki wazi, naye akamuunga mkono Obama kukirithi. Septemba mwaka huo Obama alipotangaza nia hotelini Hyde Park, Palmer alikuwepo kumtambulisha kwa watu.

Tarehe 28 Novemba Palmer akashindwa kwenye mchujo wa Kongresi. Jesse Jackson Jr. alishika nafasi ya kwanza, Emil Jones ya pili, yeye ya tatu. Wafuasi wake wakamwomba arudi kutetea kiti chake cha zamani. Baadhi ya wazee wa mtaa, mwanahistoria Timuel Black akiwa mmoja wao, wakamwendea Obama wakimtaka ampishe, kwamba yeye ni kijana na zamu yake ingefika. Akakataa. Alikuwa ameshachangisha fedha na ameshakusanya watu, na mapema mwezi uleule wa Novemba alikuwa amefiwa na mama yake huku kampeni ikiendelea. Pande hizo mbili hazikuwahi kukubaliana Palmer alikuwa ameahidi nini. Mimi sioni haja ya kumwita yeyote mwongo. Mtu aliyeambiwa "chukua" na mtu aliyedhani "nikikosa kule nitarudi" wanaweza wote kusema kweli yao.

Kisha zikaja karatasi. Kuwania kiti kile kulihitaji saini 757 za wapigakura waliojiandikisha ndani ya wilaya. Palmer, akiwa na siku chache tu, aliwasilisha 1,580. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wa Obama wakaenda bodi ya uchaguzi ya Chicago na kuanza kuzipitia moja baada ya nyingine. Huyu hayumo kwenye daftari, yule anaishi wilaya nyingine, wa tatu jina lake limeandikwa kwa herufi za kuchapa badala ya saini yake. Palmer alipoona zilizobaki hazitoshi, akajiondoa.

Hawakuishia kwake. Gha-is Askia alileta saini 1,899, 1,211 zikakataliwa, akapungukiwa na 69. Marc Ewell alileta 1,286 akapungukiwa na 86. Ulmer Lynch naye akaenguliwa. Machi 1996 wapigakura wa Democratic wa wilaya ya 13 walikuta jina moja.

Sasa kuna tofauti gani na kuenguliwa kwetu? (Wasomaji watatu, Temeke, Kigoma na Lindi)

Hili ndilo swali lililoninyima usingizi, na nitalijibu kwa urefu.

Sisi Tanzania tunalijua neno kuenguliwa kwa uchungu. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kwa madai ya kukosea fomu, na vyama kadhaa, CHADEMA na ACT-Wazalendo vikiwemo, vikajitoa. Mtu aliyepitia hayo akisikia habari za Chicago ana haki ya kuuliza kama si yaleyale.

Tofauti ya kwanza ni nani alileta pingamizi na nani aliamua. Chicago pingamizi lilitoka upande wa mgombea mwingine, na bodi ikaangalia kila mstari mbele ya pande zote. Mtu aliambiwa saini fulani, ukurasa fulani, imekataliwa kwa sababu hii. Aliyeona ameonewa alikuwa na mahakama, na Ewell aliitumia kwa kufungua kesi ya shirikisho. Tofauti ya pili ni kwamba wote walikuwa chama kimoja. Hakukuwa na chama tawala kilichokuwa kikifuta upinzani, na Novemba Obama alikutana na wapinzani wawili, mmoja wa Republican, mwingine wa chama kidogo kilichobeba jina la Harold Washington, meya wa zamani wa Chicago. Aliwashinda kwa takriban asilimia 82.

Ila lazima niseme na upande wa pili. Wilaya ile ilikuwa ngome ya Democratic, kwa hiyo uamuzi wa kweli ulikuwa Machi, na Machi wananchi hawakuamua chochote. Halafu kuna suala la daftari alilolilalamikia Ewell mahakamani. Bodi ilikuwa imetoka kulisafisha, na majina 15,871 ya wilaya ile yalikuwa yamefutwa. Ewell na wenzake walikuwa wamekagua saini zao kwa orodha za mwanzoni mwa 1995, wakati wapingaji walitumia orodha mpya. Mtu angeweza kufanya kazi yake kwa uaminifu, nyumba kwa nyumba kwenye baridi ya Desemba, akakuta nusu ya majina yake yamekufa kwenye kitabu ambacho hakukiona.

Niliwahi kumsaidia mgombea ubunge kukusanya wadhamini. Kwetu wanatakiwa wasiopungua 25, si mamia. Usiku wa mwisho tuligundua watatu kati yao kadi zao zilikuwa za jimbo jirani, maana mpaka unapita katikati ya mtaa. Tulitoka mbio na tochi kuwaamsha watu wengine. Tangu usiku ule siwezi kulisoma sharti la saini kama karatasi tupu. Linamlinda mpigakura dhidi ya orodha za kughushi, na kwenye saini za Chicago kulikuwa na dosari za kweli. Vilevile linaweza kumwangusha mtu mwenye wafuasi kwelikweli.

Obama mwenyewe alieleza miaka baadaye kwamba walifuata tu kanuni zilizokuwepo. Ni kweli, na kisheria namwona hana kosa. Ningependa tu kwamba baada ya kumzidi Palmer angewaacha Askia na Ewell wasimame naye. Alikuwa na nguvu za kutosha kuwashinda kwa kura, na watu wa wilaya ya 13 wangekuwa na chaguo.

Jina la Kijaluo na baba wa Kogelo havikumponza? (Msomaji, Mombasa)

Kwenye mchujo wa 1996 hakukuwa na aliyebaki wa kumponza. Kilichomponza baadaye hakikuwa Kogelo. Mwaka 2000 alimvaa mbunge Bobby Rush kwenye mchujo wa Kongresi, na wapinzani wake walisema ni mtu wa Harvard, hajatoka hapa, hatujui sisi. Rush alimshinda kwa zaidi ya kura mbili kwa moja.

Mimi nasomea uanasheria. Wakili analeta nini bungeni ambacho mwalimu au mkulima hana? (Msomaji, Nairobi)

Hana hekima zaidi, hilo tulimalize. Analeta kuijua chumba kwa chumba ile nyumba ambayo sheria inakwenda kuishi. Mfano ninaoupenda ni wa 2003. Illinois ilikuwa imeaibika. Tangu adhabu ya kifo irejeshwe mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa na serikali, na 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wameonekana hawakustahili hukumu ile wakaachiwa. Gavana George Ryan akasimamisha utekelezaji Januari 2000. Sehemu ya tatizo ilikuwa maungamo yaliyopatikana kwenye chumba cha mahojiano ambako hakuna shahidi.

Obama akasimamia muswada wa kuwataka polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka walipinga, hata baadhi ya wenzake waliogopa kuonekana walegevu kwa wahalifu. Alikaa na kila upande, akarekebisha vipengele, ukapita, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Kumbuka kwamba miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa wachache Senetini. Mambo makubwa yalikuja Democratic iliposhika wingi mwaka 2003, na rais wa Seneti akawa Emil Jones, yuleyule aliyemtangulia Palmer kwenye ule mchujo wa Kongresi.

Nilizaliwa Bujumbura, nimepata uraia wa Marekani. Naweza kugombea bunge la jimbo? (Msomaji, Minneapolis)

Unaweza. Sharti la kuzaliwa raia ni la urais na makamu wake. Illinois, kwa mfano, hutaka uwe raia, umri usiopungua miaka 21, na uwe umeishi kwenye wilaya yako miaka miwili kabla ya uchaguzi. Kila jimbo lina yake, soma ya kwako mapema. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliingia bunge la New York kwa uchaguzi wa 2020. Na hapohapo ulipo Minnesota, Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa mwaka 2024. Saini zako zikusanye mara mbili ya zinazotakiwa, na zikague kwa daftari la mwezi huo, si la mwaka jana.

Lincoln naye si alianza hivi Illinois? (Msomaji, Arusha)

Karibu, ila kwa mpangilio mwingine. Aligombea bunge la Illinois mwaka 1832 akashindwa, akarudi 1834 akashinda, na leseni ya uwakili akaipata 1836 akiwa tayari bungeni.

Palmer aliishia wapi? (Msomaji, Tanga)

Muda wake ulikwisha Januari 1997, Obama akaapishwa mahali pake, naye akarudi kwenye kazi ya chuo kikuu. Mwaka 2008, kijana aliyemtambulisha hotelini Hyde Park alipowania urais, Palmer alimfanyia kampeni Hillary Clinton.