"Akienda" au "pale pale anapoenda"? Jinsi Peten alivyoniaibisha mbele ya dogo

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Arusha, mcheza kadi za Yu-Gi-Oh! kama mimi: "Kaka, nimemtoa Peten kafara, jaji kanikatalia kumleta mwingine. Nimeonewa au sijui kucheza?" Nikacheka peke yangu kitandani, halafu nikaacha kucheka. Kidonda hicho ninacho hata mimi.

Mnaocheza Yu-Gi-Oh! mnamjua Peten the Dark Clown. Kadi nyonge, pointi 500 tu za kushambulia. Ila akiingia kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizokwisha tumika, unaruhusiwa kumwondoa humo, ukamwita Peten mwingine kutoka mkononi au kwenye deki. Nilikuwa nao watatu, na mpango niliouwaza wiki nzima: wa kwanza anakuwa kafara, yaani namtoa uwanjani ili aingie monsta mkubwa, Summoned Skull mwenye 2,500, wa pili anakuja kukaa pembeni, uwanja wangu haubaki na mtu mmoja.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya sebuleni kwa rafiki, Sinza, watu 16, zawadi boksi moja la pakiti. Raundi za mwanzo nilipita bila jasho. Nusu fainali nikapangwa na dogo wa kidato cha pili, kadi zake kazibeba kwenye boksi la sabuni. Akanipa shikamoo kabla ya kukaa. Nikaitikia kwa sauti ya mtu aliyekwisha shinda.

Nikamtoa Peten. Skull akaingia. Nimeshika deki naanza kupekua, dogo akaweka kiganja mezani taratibu.

"Samahani bro, umepitwa."

Nikaita jaji, tena kwa kelele. Jaji akasoma kadi, akaniuliza swali moja: kitu cha mwisho kutokea ni kipi? Nikamwambia Peten kaingia kaburini. "Hapana," akasema, "cha mwisho ni Skull kuingia uwanjani." Nikabisha, nikataja miaka niliyocheza, nikasema mambo mengine ambayo siyaandiki hapa. Zamu iliyofuata dogo akamwondoa Skull, na mimi sikuwa na kitu cha kujikinga. Sikungoja hata fainali. Nilipanda bodaboda nikarudi nyumbani nimenuna.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilishawahi kuonywa. Kwenye Master Duel, mchezo huu huu wa simu, kila nikimtoa Peten kafara, kitufe cha kumwita mwenzake hakikutokea. Nilidhani simu imeganda!

Siri iko kwenye maneno mawili madogo. Peten ameandikiwa "when", na baadaye "you can". Yakikutana hayo, ruhusa yako ni ya papo hapo: kuingia kwake kaburini lazima liwe jambo la mwisho kutokea. Likifuatwa na jingine lolote, umepitwa. Kadi iliyoandikwa "if" haina presha, inangoja mambo yote yaishe ndipo inafanya yake. Na kadi isiyokupa hiari, ile isiyo na "you can", haipitwi kabisa.

Sasa sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tunaumia hapo. "When" na "if" zote mimi nilizisoma "akienda kaburini". Mama akikwambia "baba akirudi mwambie", unamngoja baba arudi, avue viatu, ale, ndipo umwambie, na hakuna atakayekulaumu. Hiyo ni "if". Kwa Peten ilibidi nimwambie baba akiwa bado ameshika kitasa cha mlango.

Kwa hiyo soma kadi. Wengi wenu mnacheza kwa kukariri picha, nawajua, nilikuwa mmoja wenu. Tangu 2011 maandishi ya kadi yamepangwa upya: kilicho kabla ya nukta mbili ni sharti, na kilicho kabla ya nukta mkato ni gharama au kulenga. Mfano ni Raigeki Break, ambayo unatupa kadi moja ili uangamize kadi moja uwanjani. Ukimtupa Peten kama gharama, anaingia kaburini kwanza, kadi ya adui inaangamia baadaye. Umepitwa tena. Soma kadi, halafu uisome tena.

Kwenye mnyororo, yaani kadi zinapojibizana moja juu ya nyingine, ndiko wanakozama wengi. Kadi iliyowekwa mwisho ndiyo inayoanza kufanya kazi, mnarudi nyuma hadi ya kwanza. Monsta aliyeuawa na kiungo cha pili amekufa mapema mno, kwa sababu kiungo cha kwanza bado kinadai zamu yake.

Mwezi uliopita nimekutana na jamaa anayejiita mkongwe, ana Peten uwanjani. Akacheza Upstart Goblin avute kadi moja. Nikajibu kwa Raigeki Break, nikamlenga Peten. Peten akafa, kisha Goblin akampa kadi yake na mimi akaniongezea pointi 1,000. Jamaa akatabasamu, akanyoosha mkono kwenye deki kumtafuta Peten wa pili. Nikaweka kiganja mezani.

Kaka wa Arusha, hukuonewa. Muombe jaji radhi kama ulimfokea. Mimi wangu nilimpigia baada ya siku tatu.

Yule dogo sasa yuko kidato cha nne, na siku ile ya mkongwe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilipogeuka nione kama ameona, akaniambia ile Raigeki Break ningeitunza zamu moja zaidi mechi ingeisha mapema.