Kwa mnaoanza maabara mwaka huu: pimeni mikoplazma kwanza

Wadogo zangu wa uzamili na uzamivu, juzi nimemkuta tena mtu ameingiza seli za kupewa na rafiki moja kwa moja kwenye inkubeta ya wote. Nawapenda, lakini hili nimelisema mpaka koo limekauka: seli za kupewa zinaweza kuja na mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli.

1. Seli ngeni zikae karantini. Sisi tuliwahi kupokea seli shina za kitovu, midia (kimiminika cha kuzilishia seli) safi, hadubini haioneshi kitu, tukazipanga pamoja na zetu. Tulitaka zigeuke mfupa. Siku ya kupaka alizarini, inayotia kalisiamu wekundu, sahani hazikuwa na wekundu wowote. Tukalaumu seramu. Tukalaumu umeme, maana Mwanza mvua ya ziwani ikipiga, sababu ya kulaumu umeme haikosekani. Halafu tukamlaumu mwenzetu mdogo kuliko wote, ambaye mkono wake ulikuwa msafi kutuzidi, na hilo linaniuma hadi leo. Mpaka dada mmoja alipopaka rangi ya DNA: kila kiini kimezungukwa na vidoa vinavyong'aa, kama dagaa waliofuata karabai. Mikoplazma. Haina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini mnayoitegemea haiifanyi kitu. Hupenya kichujio cha mikroni 0.45, na pengine hata cha 0.22. Kwenye naitrojeni ya kimiminika inagandishwa na seli zenu, na mkiziyeyusha inaamka nazo. Tulitupa vyote, pamoja na akiba. Kijana tulimwomba radhi, ila muhula wake ulikuwa umeshapotea.

Kwa hiyo PCR kwanza, yaani kipimo cha kutafuta DNA ya mikoplazma, kabla ya jaribio lolote, kisha mrudie mara kwa mara.

2. Gandisheni polepole, nyuzi 1 kwa dakika. Yeyusheni haraka kwenye nyuzi 37.

3. Msibadilishe midia huku mnawahi kivuko cha Kamanga. Ijumaa jioni ndiyo chupa hubaki wazi.

4. Mnaokuja mkitaka kuunda moyo mpya mwaka wa kwanza, mnanifurahisha kweli, msiache kuota. Ila Takahashi na Yamanaka, waliotafuta jeni za kurudisha seli ya kawaida iwe kama seli shina, walianza na jeni 24, wakawa wanaondoa moja moja kuona ipi haihitajiki, hadi zikabaki 4. Hayo yalichapishwa 2006, kwa seli za panya. Za binadamu zilifuata 2007. Kuondoa moja moja namna hiyo kunawezekana tu kama unajua kilichomo kwenye chupa yako. Andikeni juu yake jina la seli, pasaji (zimehamishiwa chupa mpya mara ngapi) na tarehe. "Seli zangu" si jina, na wiki hii nimezikuta chupa za watu wawili zimeandikwa hivyo.